Dawa ya mzio isiyosinzisha, dawa ya fangasi, na moyo uliopoteza mpangilio: uchambuzi wa kisa cha Bethesda

Desemba 1990, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha taarifa ya madaktari wa Bethesda, jimbo la Maryland nchini Marekani, kuhusu mwanamke mmoja wa miaka 39. Alifika hospitalini akiwa na siku mbili za kizunguzungu cha kuja na kuondoka, moyo kumdunda, na kuzimia. Hakuwa amekunywa sumu wala kuzidisha dozi. Alikuwa anatumia dawa ya mzio iliyopendwa sana Marekani wakati ule, iitwayo terfenadini, na aliitumia kama alivyoandikiwa: kidonge cha miligramu 60, mara mbili kwa siku.

Alipopimwa umeme wa moyo, kipindi kinachoitwa QT kilikuwa kimerefuka hadi milisekunde 655. Hiki ni kipindi ambacho vyumba vya chini vya moyo hujibana kusukuma damu, kisha hujirudisha katika hali ya utulivu ili kujiandaa kwa pigo linalofuata. Kwa mwanamke mzima, kikishasahihishwa kulingana na kasi ya mapigo, kwa kawaida hakivuki 460 hivi, na kikipita 500 daktari hana budi kushtuka. Moyo unaochelewa kiasi hicho kutulia unaweza kudakwa na pigo jingine kabla haujawa tayari. Ndicho kilichompata. Mapigo yake yaliingia katika mwendo ambao daktari Mfaransa François Dessertenne aliueleza mwaka 1966 na kuuita torsades de pointes: mapigo ya kasi ambayo mawimbi yake kwenye karatasi hukua na kunywea huku yakijizungusha kwenye mstari mithili ya utepe uliosokotwa. Moyo ukiwa katika hali hiyo unahangaika lakini hausukumi damu ya kutosha. Ubongo unakosa damu, mtu anaanguka. Mwendo huo ukikatika wenyewe baada ya sekunde chache, anazinduka na kuuliza kimetokea nini. Usipokatika, unaweza kumuua.

Sasa tuzipange siku zake, maana kisa chote kimo humo. Siku kumi kabla ya kufika hospitalini alikuwa ameandikiwa dawa mbili: hiyo terfenadini, na antibayotiki iitwayo sefakloro, miligramu 250 mara tatu kwa siku. Alikuwa pia akitumia dozi ndogo ya homoni, medroksiprojesteroni. Ikafika siku ya nane, akaanza kujitibu mwenyewe fangasi za ukeni kwa vidonge vya ketokonazoli, miligramu 200 mara mbili kwa siku. Dalili zikaanza. Siku ya kumi yuko kitandani na waya kifuani.

Ukitazama hatua moja moja, hakuna hata moja ya kushangaza. Mtu mwenye mzio kupewa dawa ya mzio ni jambo la kawaida. Mwanamke kupata fangasi akiwa kwenye antibiotiki ni jambo ambalo kila mhudumu wa duka la dawa analijua, kwa kuwa antibayotiki huua pia bakteria wazuri wanaozizuia fangasi zisitawale. Kumeza dawa ya fangasi inayofahamika, bila kurudi kwa daktari kwa jambo la faragha kama hilo, wanawake wengi wangefanya hivyo hivyo, Maryland, Mwanza au Mombasa. Ndiyo maana nakiona kisa hiki kuwa cha thamani kuliko visa vya watu waliomeza chupa nzima. Hapa kila kidonge kilikuwa na sababu yake, na bado moyo ulikaribia kusimama.

Kwa nini terfenadini ilipendwa kiasi kile? Dawa za mzio za kizazi cha kwanza, kama klorofeniramini tuijuayo kwa jina la Piriton, promethazini na difenhidramini, hupenya kwa urahisi kutoka kwenye damu hadi ubongoni. Histamini, ile kemikali inayoleta muwasho, chafya na macho kuwasha, ndani ya ubongo ina kazi nyingine kabisa: inatuweka macho. Dawa inayoizuia kila mahali inazuia muwasho, na papo hapo inazima uangalifu. Mtu anasinzia, na hata asiposinzia, wepesi wake wa kukanyaga breki unapungua bila yeye kuhisi. Terfenadini haikuingia ubongoni kwa kiasi cha maana. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha Mei 1985 kwa jina la Seldane, na ikawa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Kwa dereva, mwendesha mashine au mwanafunzi wa mitihani, hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, na sitaki mtu asome kisa hiki kisha arudi kwenye Piriton akidhani ndiyo salama. Usingizi barabarani nao unaua.

Tatizo lilikuwa pengine. Terfenadini inapomezwa haifanyi kazi kwa umbo lake lile lile. Karibu yote, katika safari yake ya kwanza kupita ukuta wa utumbo na ini, hugeuzwa na kimeng'enya (protini ya mwili inayobadilisha kemikali) kinachoitwa CYP3A4 kuwa kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho kinachotuliza mzio. Kwa mtu mwenye afya anayemeza dozi ya kawaida, terfenadini yenyewe, ile ghafi, haionekani kabisa kwenye damu au huonekana kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo miaka mitano ya mwanzo watu waliimeza na wengi hawakupata madhara, kwa sababu kwa hakika hawakuwa na terfenadini ndani ya miili yao kwa muda wa kutosha kudhuriwa nayo.

Ketokonazoli ni kizuizi kikali cha CYP3A4. Ukiimeza, kimeng'enya hicho kinafungwa, na terfenadini inayokuja nyuma inapita ikiwa ghafi.

Madaktari wa Bethesda hawakuishia kukisia. Walipima damu ya mgonjwa, wakakuta terfenadini ghafi imejaa, huku zao lake likiwa pungufu kuliko inavyotarajiwa. Kipimo hicho kimoja ndicho kilichofanya taarifa yao iwe zaidi ya simulizi. Bila hicho, mtu angeweza kudai kwamba moyo wa mama yule ulikuwa na hitilafu tangu zamani, au lawama iende kwa sefakloro, au kwa homoni. Damu ilionyesha mahali mlango ulipofungwa.

Mwaka 1993 tafiti mbili zilikamilisha picha. Raymond Woosley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Georgetown walijaribu terfenadini kwenye seli za moyo wa mnyama, wakaona inaziba njia za potasiamu, zile ambazo seli ya moyo huzitumia kujituliza baada ya pigo, kwa nguvu inayokaribiana na ya kwinidini. Kwinidini ni dawa ya moyo, ndugu wa kwinini, na zote hutoka kwenye gome la mti mmoja. Lile zao la terfenadini halikuwa na tabia hiyo. Katika utafiti wa pili, Peter Honig na wenzake waliwapa watu sita wenye afya terfenadini kwanza, kisha wakaongeza ketokonazoli. Wote sita walianza kuonekana na terfenadini ghafi kwenye damu, na kipindi cha QT kikarefuka. Hawakuwa wagonjwa wa moyo. Ilitosha kuongeza dawa ya fangasi.

Ketokonazoli haikuwa peke yake. Erithromisini na klarithromisini, antibayotiki ambazo huandikwa sana kwa kikohozi na koo, hufunga kimeng'enya hicho hicho. Itrakonazoli pia. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU, ni kali zaidi. Juisi ya balungi hukifunga kile kilichoko kwenye ukuta wa utumbo. Na mwenye ini lililochoka kwa pombe au homa ya ini anakuwa na upungufu huo bila kumeza kitu chochote cha ziada.

Yaliyofuata baada ya taarifa ile ndiyo yanayonihuzunisha. Madaktari wa Marekani walikuwa wamekwisha kuandikiwa barua za tahadhari mwaka huo huo wa 1990. Julai 1992 FDA iliagiza onyo zito, lile linalowekwa ndani ya kisanduku juu kabisa ya maelezo ya dawa. Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1990 hapakuwa na mfamasia Marekani mwenye kisingizio. Watafiti wakaamua kujaribu: wakapeleka vyeti viwili kwa pamoja, cha terfenadini na cha erithromisini, katika maduka ya dawa 50 ya eneo la Washington. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Maduka 16, karibu theluthi moja, yalitoa dawa zote mbili bila kusema neno. Hayakuwa maduka ya uchochoroni. Mengi yalikuwa na kompyuta za kutunza kumbukumbu. Onyo lilikuwepo kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa ndani ya boksi, na boksi lilikuwa ndani ya mfuko wa mteja aliyekwisha kuondoka.

Msimamo wangu ni kwamba dawa hiyo ilikaa sokoni muda mrefu kuliko ilivyostahili. Naelewa hoja ya upande wa pili: waliodhurika walikuwa wachache mno ukilinganisha na waliofaidika, na kuiondoa kungewarudisha mamilioni kwenye dawa za usingizi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito mwaka 1991. Uzito wake uliisha Julai 1996, FDA ilipoidhinisha feksofenadini, kwa jina la Allegra. Feksofenadini ni nini? Ni lile lile zao ambalo ini lilikuwa likilitengeneza kutoka terfenadini tangu mwanzo: linatuliza mzio, halisinzishi kwa kiasi cha maana, wala haligusi njia za potasiamu za moyo. Yaani faida yote ya terfenadini ilipatikana bila hatari yake. Januari 1997 FDA ilitangaza nia ya kuiondoa terfenadini, na mwanzoni mwa 1998 mtengenezaji akaacha kuiuza Marekani. Astemizoli, ya kundi hilo hilo na yenye madhara hayo hayo kwa moyo, ilifuata mwaka 1999. Tangu mwaka 2005 kuna mwongozo wa kimataifa unaotaka dawa mpya zipimwe kama zinarefusha kipindi cha QT kabla ya kuidhinishwa.

Sasa tuje kwenye rafu zetu. Ukiingia duka la dawa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala leo na kuomba dawa ya aleji isiyoleta usingizi, utapewa setirizini au loratadini; ukiwa na uwezo zaidi, levosetirizini, desloratadini au feksofenadini. Hizi si terfenadini, na nataka niliseme hilo wazi ili mtu asiogope dawa inayomfaa. Setirizini hutoka mwilini zaidi kupitia figo bila kugeuzwa sana. Feksofenadini karibu haiguswi na ini. Loratadini hupitia CYP3A4 na kimeng'enya kingine, hivyo ukiimeza pamoja na ketokonazoli au erithromisini kiwango chake kwenye damu hupanda, lakini tafiti zilizofanywa hazikuona kupanda huko kukirefusha QT kwa namna ya kutisha kama ilivyokuwa kwa terfenadini. Kwa dozi za kawaida, kwa mtu mzima mwenye figo na ini zima, hizi ni miongoni mwa dawa salama tulizo nazo dukani.

Lakini lile pengo la Bethesda, la kutokujua mgonjwa anameza nini kingine, halikuzibwa kwa kubadilisha kidonge. Mteja anayekuja kununua loratadini anaweza kuwa ana flukonazoli ya fangasi kwenye mkoba. Flukonazoli nayo huzuia CYP3A4, kwa nguvu ndogo kuliko ketokonazoli, na yenyewe huweza kurefusha QT. Ongeza erithromisini au azithromisini ya kifua. Ongeza kwinini, au dawa mseto ya malaria yenye lumefantrini ambayo maelezo yake yanataka tahadhari kwa mtu mwenye QT ndefu. Hapa dawa ya mzio huenda ndiyo yenye hatia ndogo kuliko zote, lakini ujio wa kuinunua ndiyo nafasi pekee ambayo mtu mwenye taaluma anaiona orodha hiyo ikiwa kamili, kama ataiuliza.

Na kuiuliza si kazi ndogo. Ukisema dirishani, "Dada, kuna dawa nyingine unatumia?" jibu karibu kila mara ni "hapana." Hasemi uongo. Kwake dawa ni ile ya ugonjwa uliomleta leo. Kidonge cha uzazi wa mpango hakihesabu kuwa dawa, ni mpango. Mizizi aliyopewa na shangazi ni ya kusafisha damu. Dawa za VVU hawezi kuzitaja watu wakiwa kwenye foleni nyuma yake wanasikiliza. Fangasi za ukeni ndizo kabisa. Kwa hiyo swali la jumla halitoshi. Msogeze pembeni, shusha sauti, uliza kwa majina: wiki hizi mbili umemeza antibayotiki yoyote? Dawa ya malaria? Ya fangasi, hata kama ni kidonge kimoja? Ya presha, ya moyo, ya kila siku? Kwa mama mtu mzima, mpe heshima yake kwanza, "Shikamoo mama, samahani nitakuuliza kidogo ili dawa zisigombane," naye atafungua mkoba akuonyeshe. Nimeona mara nyingi kwamba neno "zisigombane" linafungua mdomo ambao neno "historia ya dawa" liliufunga.

Wanawake wanahitaji kuulizwa kwa makini zaidi, na si kwa sababu ya fangasi tu. Kipindi chao cha QT kwa asili ni kirefu kidogo kuliko cha wanaume, na mapigo ya aina ya torsades yanayoletwa na dawa huwapata wao zaidi. Mwingine wa kuangaliwa ni aliyepungukiwa potasiamu: ameharisha au kutapika siku kadhaa, au anatumia dawa ya presha inayokojosha.

Kuna makosa mengine ya dawa hizi ambayo hayafikishi mtu kwenye torsades, na ndiyo tunayokutana nayo kila siku. Kubwa ni vidonge vya mafua vya mchanganyiko. Mtu ananunua setirizini kwa sababu anaendesha gari, halafu pua ikizidi kuziba anaongeza kidonge cha mafua ambacho ndani yake mna paracetamol, klorofeniramini na dawa ya kuzibua pua. Amerudi kwenye Piriton bila kujua, juu ya dawa ya mzio aliyokwisha kumeza. Ile ya kuzibua pua, feniliefrini au pseudoefedrini, inaweza kumpandishia presha na kumwongezea mapigo. Soma nyuma ya pakiti, au mwombe mhudumu akusomee.

Setirizini yenyewe huuzwa kama isiyosinzisha, na kwa wengi ni kweli, ila si kwa wote. Kati ya hizi za kizazi cha pili ndiyo inayosinzisha zaidi. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 10 mara moja kwa siku; siku ya kwanza imeze usiku, ujione ulivyo kabla ya kushika usukani au kupanda pikipiki. Usichanganye na pombe. Ukiona unalegea, omba loratadini, nayo miligramu 10 mara moja kwa siku, au feksofenadini. Mwenye ugonjwa wa figo asimeze setirizini kwa dozi ya kawaida kabla daktari hajampangia, kwa maana njia yake ya kutokea ndiyo hiyo hiyo iliyoharibika.

Kisha kuna wanaojiongezea. "Haileti usingizi, basi nimeze mbili." Ni kweli kwamba wataalamu wa ngozi huweza kupandisha dozi hadi mara nne kwa mgonjwa wa vipele vya kuwasha visivyoisha, lakini hufanya hivyo wakimfuatilia, wakijua figo zake na dawa zake nyingine. Kwa mafua ya mzio, kidonge cha pili mara nyingi hakikuongezei nafuu. Pua iliyoziba kila siku huitikia vizuri zaidi dawa ya steroidi ya kupuliza puani, na hilo linafaa kuulizwa kliniki.

Feksofenadini ina jambo lake la pekee, na mimi hulipenda kwa jinsi linavyorudi kwenye kisa chetu. Imeze kwa maji. Juisi ya balungi, ya chungwa au ya tufaha huzuia dawa hii isifyonzwe vizuri kutoka utumboni, hivyo unabaki unapiga chafya na kuamini dawa ni feki. Balungi lile lile lililoipandisha terfenadini kwenye damu hadi ikawa hatari, huishusha feksofenadini, kwa sababu hapa linazuia wabebaji wanaoiingiza dawa mwilini. Dawa za kiungulia zenye alumini na magnesi nazo huipunguza. Acha saa mbili katikati.

Kwa watoto, sirapu ipimwe kwa bomba au kijiko kilichokuja na chupa, kulingana na umri na uzito. Aliye chini ya miaka miwili asipewe bila daktari. Promethazini, ambayo baadhi ya wazazi huitumia kumlaza mtoto, haifai kabisa kwa umri huo, kwa kuwa inaweza kukandamiza upumuaji. Mjamzito ana chaguo, loratadini na setirizini zimetumiwa na wajawazito wengi na hazijaonyesha madhara ya kuogofya, lakini aamue pamoja na mhudumu wa kliniki yake.

Kwa wanaomeza setirizini au levosetirizini kila siku kwa miezi na miaka, kuna taarifa ya Mei 2025 wasiyopaswa kuikosa. FDA ilitahadharisha kwamba baadhi yao, wachache, wakiacha ghafla hupata muwasho mkali mwili mzima ndani ya siku chache, hata kama awali hawakuwa na muwasho. Wengi hudhani mzio umerudi na kumbe ni kuacha dawa. Ukitaka kuacha baada ya muda mrefu, zungumza kwanza na mfamasia au daktari.

Jambo moja haliwezi kusubiri ushauri wa aina yoyote. Mtu akivimba midomo au ulimi, akikoroma kwa shida ya kupumua, akilegea na kutapika baada ya kung'atwa na nyuki, kula karanga au kuchomwa sindano, usianze kutafuta setirizini. Kidonge huchukua zaidi ya nusu saa kufanya kazi, na hakifungui njia ya hewa wala hakipandishi presha iliyoanguka. Anachohitaji ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, mara moja, na usafiri wa kwenda hospitali. Wakati mnasubiri alazwe chini, miguu iinuliwe, isipokuwa kama anapumua kwa shida, hapo aachwe akae.

Na mtu akizimia wakati anatumia dawa yoyote mpya, hata kama amezinduka na anacheka, apimwe umeme wa moyo siku hiyo hiyo. Hasa kama katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, au aliyekuwa akianguka anguka bila maelezo. Nenda na maboksi yote. Ni kwa kujua kila dawa aliyomeza mama wa Bethesda, pamoja na ile aliyoianza mwenyewe, kwamba madaktari wake waliweza kuunganisha siku ya nane na siku ya kumi, wakapima damu, wakaandika. Tanzania taarifa za madhara ya dawa hupokelewa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuripoti, au amwombe mhudumu wa kituo amsaidie. Andika jina la kila dawa, dozi, tarehe ulipoanza kuimeza, na tarehe dalili zilipoanza. Zile ulizozianza bila cheti ziandike pia.